Maneno Mawili ya Chumba cha Kugonga

Chumba cha kugonga kilikuwa nyuma kabisa ya gereji, na mlango wake ulipigiliwa zulia kuukuu ili usijibamize. Ndani mlikuwa na meza ya duara iliyotandikwa blanketi, taa moja, na maneno mawili tu. Mengine yote yaliachwa nje. Bosi, mwanamke mnene mwenye sauti ndogo aliyeijenga gereji ile kwa ukali wake mwenyewe, alishawahi kumrudisha fundi nyumbani kwa kosa la kupiga mluzi humo. Alikuwa fundi mzuri na watu walimsikitikia, lakini hakurudishwa kazini.

Maneno yenyewe yalikuwa "rudia" na "nimesikia".

Magari yaliyoletwa pale yalikuwa ya mwendo, yale ya chini chini yanayonguruma hata yakiwa yamesimama, na mengi yalivaa rimu za kaboni. Rimu ya kawaida ikiingia shimoni hupinda, ukaiona, ukailaumu barabara, mambo yakaisha. Ya kaboni haipindi. Ni nyuzi nyeusi zilizolazwa tabaka juu ya tabaka na kugandishwa kwa gundi, nyepesi kiasi cha mtu kuibeba kwa mkono mmoja huku anaongea na simu, na inavumilia mengi. Ila ikiumia huumia ndani. Vanishi huendelea kung'aa juu wakati tabaka mbili zimeshaachana chini yake, na mwenye gari hana habari, mpaka siku rimu inapasuka mwendo umekolea.

Ndiyo maana zilitunzwa kwa masharti. Zilioshwa kwa sabuni laini, si kwa zile dawa kali zinazotoa vumbi la breki kwa dakika moja na kula vanishi kwa mwezi. Hazikumwagiwa maji ya baridi breki zikiwa bado za moto. Nati zilikazwa kwa spana yenye kipimo, si kwa fundi kuning'inia juu ya bomba la kurefushia spana kwa uzito wa mwili wake. Na rimu ikigonga shimo, hata kama haina mkwaruzo, ilifunguliwa, ikapelekwa kwenye ile meza, ikagongwa.

Kugonga kwenyewe ni jambo rahisi. Unachukua sarafu, unaanzia kwenye valvu, unazunguka rimu yote kidogo kidogo mpaka urudi kwenye valvu. Palipo pazima hulia ti. Palipoachana husema du, kama umegonga pipa lililojaa maji. Lakini Bosi hakumwamini mtu anayegonga na kujisikiliza mwenyewe. Anayegonga, alisema, anataka amalize akale. Kwa hiyo mmoja aligonga tu, na mwingine alisimama amempa mgongo, macho kafumba, akasikiliza tu. Msikilizaji akitilia shaka alisema "rudia". Duara likifungwa bila shaka yoyote alisema "nimesikia", na hapo mgongaji alichukua brashi na kuweka doa jeupe kando ya valvu. Rimu bila doa haikutoka mlangoni.

Mgongaji wa gereji ile alikuwa Mzee Sarafu, mwembamba, mpole, mwenye kofia asiyoivua. Msikilizaji alikuwa mke wa mwanawe. Gereji nzima ilimwita Sikio, jina alilolipokea shingo upande maana si jina la kumwita mke wa mtu, lakini lilishamganda. Mzee ndiye aliyemtafutia kazi pale, kuosha rimu, na Bosi ndiye aliyemjaribu siku moja chumbani akagundua kwamba huyu hana haraka na hana aibu ya kusema rudia.

Nyumbani Sikio asingeweza kumkosoa baba mkwe hata akiweka chumvi mara mbili kwenye chakula. Chumbani alikuwa na ruhusa, na aliitumia. Alimrudisha mzee mara nyingi kadiri alivyotaka, na mzee alirudia bila kinyongo. Mlango ukifunguliwa walirudi kuwa baba na mwana, yeye akamsogezea kiti, mzee akamwuliza kama amekula. Watu waliwatania kwamba hiyo ndiyo gereji pekee ambako mkwe anamtuma baba mkwe na analipwa mshahara.

Ijumaa ile liliingia gari la kijivu la daktari wa meno. Alikuwa mtu mchangamfu, mwenye vidole visafi kupita kiasi, na alilipenda gari lake kama watu wengine wanavyopenda kusifiwa.

"Kashimo kadogo tu," alisema. "Hata sikukasikia."

"Gurudumu gani?" Bosi aliuliza.

"La mbele kushoto. Lakini angalieni yote, maana kesho mchana naenda kwenye uwanja wa mbio za magari. Mke wangu anakaa pembeni yangu, na pale kwenye ile kona kubwa ya kulia anacheka mpaka machozi yanamtoka."

Kwenye kona ya kulia uzito wote wa gari hulalia gurudumu la mbele kushoto. Kila mtu pale alilijua hilo, hata aliyekuwa anafagia.

Sikio aliziosha rimu zote nne, akazikausha, wakaingia chumbani. Tatu za mwanzo zililia vizuri, mzee akaweka madoa yake. Ile iliyogonga shimo waliiweka mwisho, kwa kuwa ndiyo iliyotaka utulivu. Sikio akageuka, akafumba macho. Sarafu ikaanza. Ti, ti, ti.

Karibu na nusu ya duara, Mzee Sarafu aliongea. Hakuwahi kuongea humo tangu Sikio amjue.

"Mwanangu," alisema kwa sauti ya chini, mkono hausimami, "ukitoka leo pitia nyumbani. Mama yako hakulala. Moyo unamsumbua tena, na anakuulizia wewe."

Sikio alimpenda mama mkwe wake. Wapo wanaosema hilo kwa ajili ya watu, yeye alilisema hata peke yake. Papo hapo akili yake ikatoka chumbani, ikaenda kumwona yule mama amekaa ukingoni mwa kitanda, mkono kifuani, anavuta pumzi kwa mafungu. Sarafu iliendelea kugonga nyuma yake na yeye hakuisikia zaidi ya mtu anavyosikia saa ya ukutani. Alipotambua kwamba mzee alishasema na anangoja jibu, alijibu kama mkwe yeyote aliyelelewa anavyojibu.

"Nimesikia, baba."

Sarafu ilikuwa imefika kwenye valvu. Ikaacha kulia, halafu Sikio akanusa rangi. Alipogeuka, doa jeupe lilikuwa tayari limewekwa na mzee alikuwa anafuta brashi kwa kitambaa.

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Neno lenyewe lilikuwa la chumba, tena alikuwa nalo mdomoni. "Baba," alianza, na mlango ukafunguliwa, Bosi akaingia na daktari nyuma yake anachungulia kwa juu ya bega.

"Tayari?" Bosi aliuliza.

"Tayari," Mzee Sarafu akasema.

Bosi hakumtazama mzee. Siku zote alimtazama msikilizaji. "Sikio?"

Kusema rudia pale ilikuwa kusema kwa nini. Kusema kwa nini ilikuwa kumtoa baba mkwe kazini mbele ya mteja, akiwa na kofia yake kichwani. Sikio aliitikia kwa kichwa. Hakutoa sauti, kana kwamba uongo usiotamkwa una nafuu.

Gari lilivalishwa magurudumu yake, nati zikakazwa kwa kipimo, daktari akaondoka akipunga mkono dirishani. Sikio alisimama na ndoo yake akiangalia gurudumu la mbele kushoto mpaka lilipopinda kona ya barabara. Lilikuwa linang'aa vizuri sana, maana alikuwa amelisugua yeye.

Mchana kutwa alijitetea. Tatu zilikuwa nzima, alijiambia, kwa nini ya nne isiwe? Daktari mwenyewe amesema shimo dogo. Na nusu ya mwanzo aliisikia, ilikuwa inalia ti. Kila hoja aliyoileta ilisimama kidogo halafu ikaanguka, kwa sababu kama hoja za namna hiyo zingetosha, basi chumba kile kisingekuwa na kazi. Jioni, wakati wa kufunga, Bosi alikuta fundi mpya ameandaa dawa kali ya kuoshea rimu, akamkaripia mbele ya wote.

"Hapa hatulipui kazi wala hatukisii," alimwambia. "Mwangalie Sikio. Huyu akiniambia amesikia, mimi nalala usingizi."

Wenzake wakamgeukia Sikio, wakatabasamu. Yeye aliinamia ndoo na kusuuza kitambaa ambacho tayari kilikuwa kisafi. Angeambiwa mwizi mbele yao, asingeona aibu kiasi kile.

Nyumbani kwa wakwe alimkuta mama ameketi kitandani, mito miwili mgongoni, uso umemchakaa lakini ulimi mzima. Alimshika mkono, akamkanda miguu, akasikiliza habari za jirani aliyenunua kochi lisilopita mlangoni. Mama alicheka, akakohoa, akacheka tena.

"Wakinipa zile dawa mpya nitakuwa sawa," mama alisema. "Jumatatu narudi hospitali. Bila bima ya kazi ya baba yako sijui tungekuwa wapi, mwanangu."

Sikio alisema ndiyo, mama. Alipotoka alimkuta mzee jikoni anasubiri maji ya chai yachemke. Akafunga mlango wa katikati.

"Baba, ile rimu ya mwisho. Sikuisikia."

Mzee hakuelewa. "Ulisema nimesikia."

"Nilikuwa nakujibu wewe. Habari ya mama."

Maji yalianza kuchemka na hakuna aliyeyaangalia. Mzee alivuta kigoda akaketi, taratibu, mkono umeshika ukingo wa meza. Sikio hakuwahi kumwona akiketi kwenye kigoda kile, kilikuwa cha kukalia wakati wa kumenya viazi.

"Mimi nilisikia," mzee alisema. "Ililia vizuri yote."

"Baba, wewe ulikuwa unagonga."

"Najua nilikuwa nagonga. Masikio ninayo."

"Bosi anasema anayegonga..."

"Najua anachosema Bosi." Hakupandisha sauti, maana mama alikuwa upande wa pili wa ukuta. "Ukimwambia, ataniuliza kama niliongea. Na niliongea. Ataniambia nikabidhi vitu vyangu kama yule wa mluzi. Jumatatu mama yako anakwenda hospitali na kadi ipi?"

"Tungemwita tu yule daktari wa meno, tumwambie nati zinatakiwa kukazwa tena."

"Anayewapigia wateja ni Bosi. Atauliza kwa nini." Mzee alivua kofia, akaitazama kwa ndani, akaivaa tena. "Mwanangu, nakuomba. Liache hili. Ile rimu ni nzima, mimi nakwambia. Liache."

Hapo Sikio alilia kidogo, kwa hasira. Alimkasirikia mzee kwa kumwomba, akajikasirikia mwenyewe kwa kuwa aliombwa na mtu asiyezoea kuomba. Kisha akafuta uso, akamtengenezea chai, akampa kwa mikono miwili.

"Nimesikia, baba," alisema.

Mume wake alikuwa kinyozi, na kinyozi amezoea kumkubalia mtu yeyote aliyekaa kwenye kiti. Alimsikiliza mkewe mpaka mwisho, akakuna shingo.

"Baba anaijua kazi yake," alisema. "Na mama, unamjua mama alivyo sasa hivi. Mimi sikwambii useme, wala sikwambii usiseme."

"Basi umeniambia nini?"

"Nimekwambia nakuonea huruma."

Usiku ule Sikio alijikuta anamwombea daktari wa meno mafua. Si makali, ya kutosha tu kumlaza nyumbani Jumamosi. Aliomba pia mvua, aliomba uwanja ufungwe, aliomba mke wa daktari agombane na mumewe asiende. Alikuwa katikati ya kumwombea huyo mama asiyemjua ugomvi wa ndoa alipojisikia aibu. Mtu mwenye hakika kwamba rimu ni nzima haombi mambo ya namna hiyo.

Jumamosi asubuhi hakwenda gereji. Alikwenda kwenye kliniki ya meno, ambako daktari alifanya kazi mpaka adhuhuri. Aliketi kwenye benchi baina ya mtu mwenye shavu lililovimba na mama aliyeziba mdomo kwa leso, na wote wawili walimtazama kwa wivu kwa kuwa alionekana haumwi popote. Mlango wa ndani ulikuwa wazi. Daktari alikuwa anagonga jino la mgonjwa kwa mpini wa kioo chake.

"Hapa unasikia? Na hapa?"

Mgonjwa alisikia hapa, tena sana. Sikio alitamani kuondoka.

Daktari alipomwona alifurahi, akadhani kuna kitu yeye amekisahau gerejini. Wakasimama kwenye korido. Sikio alianza na uongo, kwa kuwa uongo ulikuwa umeshaandaliwa.

"Nati za mbele zinatakiwa kukazwa upya, daktari. Ni kawaida baada ya kutembea kidogo. Ukipitia gereji kabla ya kwenda uwanjani..."

"Nitakaza mwenyewe. Spana ya kipimo ninayo, nilinunua." Alisema kwa fahari. "Asante kwa kufika, dada. Nyinyi mna huduma nzuri."

Akageuka kurudi kwa mgonjwa wake. Sikio akaona mgongo wa koti jeupe, akamwona akilini yule mke anayecheka mpaka machozi, mwanamke asiyemjua hata sura.

"Rimu yako sikuisikia," alisema.

Daktari aligeuka.

"Ya mbele kushoto, iliyoingia shimoni. Kazi yangu ni kusikiliza. Nilisema nimesikia na sikuwa nimesikia. Inaweza kuwa nzima, sijui. Mimi sijui, daktari, na ningepaswa kujua."

Uchangamfu wote ulimtoka. Hakumfokea, jambo ambalo Sikio alikuwa amejiandaa nalo. Alisema tu, "Mke wangu angekaa pembeni," akatoa simu mfukoni na kumpigia Bosi palepale, huku mtu mwenye shavu lililovimba akisikiliza kila neno.

Gari lilirudishwa gerejini juu ya lori la kubebea magari, kwa kuwa Bosi alikataa liendeshwe hata kwa mwendo wa konokono. Rimu ilifunguliwa, ikawekwa kwenye blanketi. Safari hii waliingia wengi: daktari, Bosi, mafundi wawili. Bosi alimwambia Mzee Sarafu agonge. Bosi mwenyewe akageuka, akafumba macho. Sikio alisimama ukutani, hakuna aliyemwambia afumbe.

Mzee alizunguka vizuri. Ti, ti, ti. Nusu ya kwanza ilipita. Sikio alianza kupumua. Kisha, karibu na mzizi wa mkono mmoja wa rimu, ile inayounganisha kitovu na duara, upande wa ndani ambao jicho halifiki, sarafu ilisema du.

"Rudia," Bosi alisema.

Du. Hata daktari aliisikia. Hata aliyekuwa mlangoni. Mzee aligonga kushoto kwake, ti, na kulia kwake, ti, akarudi katikati, du. Sikio alimwona usoni. Mzee hakuwa amesema uongo jikoni. Jana alisikia kweli kwamba imelia vizuri, kwa kuwa alitaka ilie vizuri, na sasa alikuwa anajua hivyo. Akaiweka sarafu kwenye blanketi kana kwamba imekuwa ya moto.

Daktari alitoka nje bila kuaga. Walimsikia anaongea na mkewe kwenye simu, anamwambia leo hawaendi, hapana, hakuna kitu, ila anampenda.

Bosi alifungua macho. "Nani alisema amesikia?"

"Mimi," Sikio alisema.

"Na jana nilipokuuliza?"

"Nilikubali kwa kichwa."

"Kwa nini?"

Bosi alingoja, kisha akauliza lile swali ambalo Sikio na mzee walijua litakuja. "Kuna mtu aliongea humu jana?"

Sikio alitazama blanketi. Alimwachia mzee nafasi, nafasi ya kutosha mtu kusema neno moja, na baada ya hiyo akamwachia nyingine. Alipoinua macho, alimwona Mzee Sarafu amefungua mdomo. Aliujua mdomo ule. Ulikuwa kama wake mwenyewe jana, mahali palepale, mbele ya mtu yuleyule. Kisha ukafungwa.

"Hapana," Sikio alisema. "Ni mimi. Mawazo yangu yalikuwa mbali."

Huruma ilikuwemo katika jibu hilo, na Jumatatu ya mama ilikuwemo, na hasira pia. Lakini kubwa kuliko yote ilikuwa ile hatia yake mwenyewe. Alikuwa ameibeba tangu jana na hakutaka mtu amsaidie upande mmoja halafu amwachie ule mzito.

"Umesema ukweli kwa mteja, na nakushukuru," Bosi alisema kwa sauti yake ndogo. "Lakini siwezi kukubakisha. Kila gari litakalotoka hapa nitakuwa nalala macho." Na kweli alionekana ana uchungu, kwa sababu aliongeza, "Nenda tu. Vitu vyako atakuletea mzee."

Mzee hakuvileta. Alimpa mmoja wa mafundi, naye fundi akavileta: kandambili za kuoshea, kikombe, kanga ya kujifunga kiunoni. Mume alivipokea, akaviweka kando, akakaa karibu na mkewe.

"Baba amesema nini?"

"Hajasema."

"Hajasema kitu kabisa?"

Sikio alitikisa kichwa. Kinyozi akasimama, akachukua funguo, akasema anakwenda kwa baba sasa hivi. Safari hii alikuwa na uso wa mtu mwenye la kusema, na mkewe alimpenda kwa hilo.

"Usiende," alimwambia. "Mama atakuuliza umefuata nini. Mwache akamalize hospitali kwanza."

Kinyozi akaketi tena. Alikuwa na hasira ya haki na hakuna mahali pa kuipeleka, kwa hiyo alifagia nyumba nzima.

Jumapili alasiri simu ililia. Alikuwa mama mkwe, sauti yake ina nguvu kuliko Ijumaa.

"Mwanangu, huyu baba yako ana nini? Tangu jana hali chakula. Haongei. Amekaa tu kwenye kile kigoda cha jikoni. Nikimwuliza ananiambia hakuna kitu."

"Labda amechoka, mama."

"Hajachoka. Mimi namjua akichoka." Mama alivuta pumzi, akapumzika, akaendelea kwa upole. "Najua nyinyi mnafanya kazi pamoja. Watu wa kazi moja hukwaruzana. Sikuulizi nani kakosa. Lakini wewe ndiye mdogo, mwanangu. Mwombe radhi, yaishe. Moyo wangu huu hauwezi kukaa nyumba moja na mtu asiyeongea."

Sikio alimtazama mumewe. Mumewe, aliyekuwa anasikia yote, alitikisa kichwa kwa nguvu kumkataza. Na kweli maneno yalikuwa mengi, yamejipanga, na lolote kati ya hayo lingekuwa la haki. Aliyafikiria yakiingia kwenye kile kifua, usiku wa kuamkia hospitali.

"Mpe simu, mama," alisema.

Alisikia nyayo za polepole, alisikia mlango, alisikia mama akisema, "Haya, mwanao huyu, ongea naye." Kisha akasikia pumzi ya mzee.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Akangoja. Alimwachia nafasi kama alivyomwachia chumbani. Nyuma yake mama alikuwa ananong'ona, mjibu basi, mbona umesimama tu.

"Baba," Sikio alisema, "naomba unisamehe."

Ikabidi mama aseme kwa sauti kubwa kwamba mtoto akiomba msamaha hupewa, ni mzee gani huyu.

"Nimekusamehe, mwanangu," Mzee Sarafu alisema.

Mama alishukuru. Simu haikukatwa, ilibaki mkononi mwa mzee. Sikio alimsikia analia, na mama anamwuliza sasa unalia nini, mume wangu, na mambo yameshakwisha.